Baridi yabisi, pepo na mshipa: Tiba za jadi za Pwani zinavyoutazama mwili wa binadamu

Mkazi wa Malindi anapoamka asubuhi ya kusi, magoti yakimuuma na vidole vimekaza, jirani zake humwambia ana baridi yabisi. Jina hilo limezoeleka mno hata hapana anayeketi kulichambua. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na la pili maana yake ni kitu kikavu. Kwa hivyo anayelitamka huwa ametaja, pasipo kujua, fundisho la utabibu lenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili: kwamba maumivu ya goti si hitilafu ya goti peke yake, bali ni ubaridi na ukavu wa ulimwengu ulioingia mwilini ukapita kiasi.

Katika Kaunti ya Kilifi, kuanzia Rabai na Kaloleni hadi Malindi, Mambrui na Magarini, mapokeo mawili ya tiba yameishi pamoja kwa karne nyingi. Moja ni la matabibu wa miji ya Waswahili, lililopokea mengi kutoka kwa vitabu vya Waarabu. La pili ni la waganga wa Kimijikenda, ambao elimu yao imefungamana na misitu ya kaya na mizimu ya wazee. Yapo mengi yanayoyatenganisha, lakini yote mawili hukataa kuutazama mwili kama mashine yenye vipuri. Kwa tabibu na kwa mganga, mwili ni sehemu ya hali ya hewa, ya chakula, ya ardhi na ya jamaa. Mtazamo huo ndio unaousifisha utabibu wa jadi wa China duniani kote, na msomaji wa Pwani anayeusoma hushangaa kwa kuuona kama wa nyumbani.

Mtazamo huo umewafaa watu wa Pwani kwa mengi. Pia umewagharimu baadhi yao maisha, na pande zote mbili zinastahili kuelezwa.

Asili nne

Fundisho la matabibu wa Kiswahili huanza na asili nne za ulimwengu: moto, hewa, maji na udongo. Moto ni joto na mkavu. Hewa ni joto na yenye unyevu. Maji ni baridi na yenye unyevu. Udongo ni baridi na mkavu. Ndani ya mwili zimo rutuba nne zinazolingana nazo, yaani safura kwa moto, damu kwa hewa, balghamu kwa maji na sauda, ambayo ni nyongo nyeusi, kwa udongo. Afya ni rutuba hizo kukaa kwa mizani, na maradhi ni moja kuzidi nyingine.

Chimbuko la elimu hii ni Wayunani, hasa Hippocrates na Galen. Waarabu na Waajemi waliifasiri, wakaipanua na kuipanga upya, na kitabu chake mashuhuri ni Al-Qanun fi al-Tibb cha Ibn Sina, kilichokamilika mnamo mwaka 1025. Kwa karne kadhaa kitabu hicho kilisomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya pia. Elimu hiyo ilifika katika bandari zetu kwa njia iliyoleta tende, vitambaa na vyombo vya kauri: jahazi zilizosukumwa na kaskazi.

Kila mtu, kwa mujibu wa matabibu, huzaliwa na mizani yake. Yupo mwenye tabia ya joto, na yupo mwenye tabia ya baridi, na chakula kinachomfaa huyu kinaweza kumdhuru yule. Tangawizi, pilipili manga na iliki ni vya joto. Dafu na tango ni vya baridi. Umri nao huhesabiwa, kwani kijana huwa na joto na mzee hupoa na kukauka, ndiposa viungo vya mzee huwa vya kwanza kulalamika kusi inapovuma. Hapa dawa ni kinyume cha maradhi: ubaridi huondolewa kwa joto, ukavu kwa unyevu.

Pahali ambapo fundisho hili bado lina nguvu bila ya mabishano ni katika chumba cha mzazi. Mwanamke aliyejifungua huhesabiwa kuwa amepoteza joto pamoja na damu, mwili wake uko wazi, na kwa siku arubaini hulindwa asipigwe na baridi. Hupewa uji uliokolezwa pilipili manga, hukandwa kwa mafuta na maji ya moto, na tumbo lake hufungwa mkaja. China wana desturi iyo hiyo, ambayo huitwa kukaa mwezi: mzazi hubaki ndani kwa takribani siku thelathini, hujiepusha na upepo na maji baridi, na hulishwa vyakula vya tangawizi. Hakuna anayeweza kudai kwamba Mambrui ilifundishwa na Beijing au kinyume chake. Ila mkunga wa huku akipelekwa huko hatahitaji kuelezwa kwa nini madirisha yamefungwa.

Mshipa na upepo

Utabibu wa China hutegemea sana kitabu kiitwacho Huangdi Neijing, ambacho wataalamu wengi hukadiria kuwa kilikusanywa katika karne mbili za mwisho kabla ya Kristo. Kitabu hicho hakina rutuba nne. Kina yin na yang, yaani upande wa kivuli na upande wa jua, ambao kila mmoja huuzaa na kuuzuia mwenzake. Kina pia hatua tano zinazofuatana, ambazo ni mti, moto, udongo, metali na maji, na kila moja ina msimu wake, kiungo chake, ladha yake na hata hisia yake. Ini, kwa mfano, huambatana na mti, majira ya kuchipua, uchachu na hasira. Juu ya yote ipo chi, pumzi au nguvu inayopita mwilini katika njia maalumu. Sindano za China huchomwa juu ya njia hizo kwa nia ya kuzibua palipoziba.

Msomaji wa Kiswahili atauliza njia hizo ni mishipa ya namna gani. Jibu limo katika neno lake mwenyewe. Hospitalini mshipa wa damu ni kitu kimoja na mshipa wa fahamu ni kingine, na kano ni kitu cha tatu. Katika usemi wa kawaida wa Pwani, vyote hivyo ni mshipa, na aliyevimba korodani naye husemwa kuwa ana mshipa. Wageni wengi wameliona jambo hili kuwa ujinga wa anatomia. Lakini mzungumzaji anapotumia neno hilo hataji nyama iliyokatwa mezani. Anataja kitu kirefu ndani ya mwili kinachopitisha, kinachovuta, kinachosimama na kinacholegea. Mkandaji anayetafuta mshipa kwa kidole gumba mgongoni huufuata kwa jinsi mgonjwa anavyoguna, na jambo hilo tabibu wa Kichina angelielewa mara moja.

Upepo nao ni hivyo hivyo. Katika Kiswahili, upepo ni hewa inayovuma na pepo ni kiumbe kisichoonekana kinachompanda mtu. Maneno hayo yamekaribiana mno hata wingi wa moja ndio umoja wa jingine. China, upepo ni mmojawapo wa visababishi vikuu vya maradhi, na husemwa kwamba ndio unaoufungulia njia ubaridi na unyevu. Maumivu ya viungo, ambayo Mswahili ameyaita baridi yabisi, Wachina huyaeleza kuwa kazi ya upepo, ubaridi na unyevu vikiungana. Wamekubaliana juu ya ubaridi, wakatofautiana juu ya ukavu.

Kuna na chuku. Hii ni pembe ya mnyama iliyotobolewa nchani, ambayo muumikaji huibana juu ya ngozi iliyochanjwa, akafyonza hewa, na damu iliyoganda ikatoka. Waislamu huiita hijama, na katika miaka ya karibuni imerejea kwa kishindo mijini, sasa kwa vikombe vya plastiki. Wachina huumika pia, mara nyingi kwa vikombe vya kioo au mianzi vilivyopashwa moto na bila kuchanja. Ngozi hufura chini ya pembe kiasi cha kutisha. Yamkini ndiyo sababu Waswahili wakasema kwamba anayeikuza habari ameitia chuku.

Kupoza mgonjwa, kupoza nchi

Tukiondoka mjini na kuelekea bara, ambako Wagiriama, Wakauma, Wachonyi, Wajibana, Wakambe, Waribe na Warabai wamekaa, msamiati wa rutuba nne hupotea. Joto na baridi hubaki, lakini huchukua maana nyingine. Kwa Mijikenda, joto ni hatari: ugomvi ni joto, kifo ni joto, uzinzi ni joto, ukame ni joto. Uzima ni ubaridi. Kiswahili chenyewe kimehifadhi wazo hilo, maana ugonjwa hupoa kama vile uji unavyopoa.

Mojawapo ya tiba zinazotumika sana ni vuo, yaani maji ya majani mabichi yaliyopondwa, ambayo mgonjwa huogeshwa ili apozwe. Nyungu ni chungu cha majani yaliyochemshwa ambacho mgonjwa hukiinamia akiwa amefunikwa nguo ili ajifukize. Lakini kabla ya vuo au nyungu huja mburuga, yaani uaguzi. Mwanaanthropolojia Mwingereza David Parkin, ambaye alifanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa Wagiriama, alieleza jinsi mwaguzi anavyoanza kwa maneno yaliyotatizika, akipita mwilini na katika ukoo wa mgonjwa, hadi njia inaponyooka na chanzo kikajulikana. Aghalabu mwaguzi si yeye anayetibu. Kazi yake ni kuonyesha ni uhusiano gani uliovunjika: baina ya mume na mke, baina ya walio hai na koma zao, au baina ya mtu na pahali alipopita.

Neno ganga lina maana hiyo ndani yake. Katika Kiswahili cha zamani, kuganga ni kuponya na pia ni kufunga au kuunga kilichovunjika. Methali isemayo yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, hulitendea tukio kama jeraha.

Ndiyo maana kaya hazikuwa ngome tu. Katikati ya kila kaya kulizikwa fingo, kinga ya jamii nzima, na msitu ulioizunguka ulilindwa kwa miiko: hapana kukata mti, hapana kuchunga mifugo. Mvua ilipokosa kunyesha wazee waliingia humo kuipoza nchi kama mgonjwa anavyopozwa. Waingereza waliielewa nguvu hiyo kwa njia yao. Baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha Wagiriama mwaka 1913 wasilipe kodi wala kutoa vijana wa kazi, serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914. Kwa Mgiriama wa wakati huo lilikuwa shambulio dhidi ya afya ya watu kama lilivyokuwa shambulio dhidi ya siasa yao.

Leo misitu hiyo ni vipande vidogo vilivyozungukwa na mashamba, migodi ya mawe na nyumba. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalianzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya Pwani mwaka 1992. UNESCO iliziingiza kaya katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwaka 2009 ikaziweka mila zake katika orodha ya urithi unaohitaji kunusuriwa haraka. Mganga anayeambiwa kwamba mti fulani umeisha hawezi kuununua dukani. Ni kweli kwamba mingine ni ya kila uwanja, kama mwarubaini, mti wenye asili ya Asia ya Kusini ambao Mijikenda wengi huuita mkilifi. Lakini mingi humea msituni tu.

Swali la nani

Hadi hapa habari ni ya kupendeza, na ndivyo wapenzi wa tiba za jadi wanavyopenda iishie. Haiishii hapo. Ikiwa ugonjwa ni uhusiano uliovunjika, basi yupo aliyeuvunja. Hospitali huuliza ni kitu gani kilichomwingia mgonjwa. Mburuga huuliza pia ni nani. Jibu likiwa koma aliyesahauliwa, familia itachinja mbuzi na kupatana. Jibu likiwa jirani au mjomba mwenye mvi, mtu atakufa.

Mauaji ya wazee wanaosingiziwa uchawi yamekuwa doa la Kilifi kwa miaka mingi, na maafisa wa serikali pamoja na watetezi wa haki wamesema mara kwa mara kwamba nyuma ya shutuma nyingi umo ugomvi wa urithi wa shamba. Huko Ganze, kituo cha Kaya Godoma kimekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa makwao kwa kuogopa kukatwakatwa na jamaa zao wenyewe. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba wahanga ndio hao hao wanaoijua miti. Nadharia ya China ina kasoro zake, lakini upepo na unyevu havina nyumba ya kuchomwa moto.

Hatari ya pili huwapata watoto. Mtoto mwenye homa kali ya malaria anapokakamaa na kupindua macho, wengi husema ni degedege, na katika imani iliyoenea Pwani yote husemekana ndege au pepo mwenye sura ya ndege amepita juu yake. Maradhi ya pepo hayapelekwi hospitalini. Nchini Tanzania, huko Bagamoyo, watafiti walirekodi imani kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Kumwogesha mtoto kwa vuo hakumdhuru, na maji hupunguza joto la mwili kidogo. Kinachoua ni saa zinazopotea. Malaria iliyofika kichwani huweza kumaliza maisha ndani ya siku moja, na wanaopona huweza kubaki na kifafa au udhaifu wa akili. Watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, na baadhi yao wamekwenda kuzungumza na waganga wenyewe, badala ya kuwashutumu, ili wafahamu mgonjwa wa kifafa huanzia wapi.

Mmea wa China

Uhusiano wa Malindi na China ni wa kale. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme Yongle twiga, na watu wa kasri wakamfananisha na mnyama wa heri wa hadithi zao. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa China na Kenya waliokuwa wakichimba Mambrui walipata sarafu ya enzi ya mfalme huyo huyo. Lakini zawadi kubwa kuliko hizo ilikuja baadaye, bila sherehe.

Mwaka 1967 serikali ya China iliunda mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mwanasayansi Tu Youyou aliyapitia maandishi ya kale, na katika kitabu cha Ge Hong cha karne ya nne akakuta maelezo ya mmea uitwao qinghao: chukua konzi moja, loweka katika maji, kamua, kunywa. Hapakutajwa kuchemsha. Tu akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akaitoa kwa njia isiyohitaji joto kali, na mwaka 1972 kiini chake, artemisini, kikatengwa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Kilifi ilikuwa miongoni mwa vituo vya Afrika vilivyoijaribu artesuneti, dawa itokanayo na kiini hicho, dhidi ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: kati ya watoto 5,425 katika nchi tisa, waliofariki kwa kwinini walikuwa asilimia 10.9, na kwa artesuneti asilimia 8.5. Tangu mwaka 2006 vidonge vyenye jamii ya dawa hiyo ndivyo vilivyo tiba ya kwanza ya malaria ya kawaida katika zahanati za Kenya.

Wapo wanaoitumia habari hii kuthibitisha kwamba nadharia ya yin na yang ilikuwa sahihi. Sivyo. Kilichopona mtihani ni mmea, na ulipona baada ya kuondolewa katika nadharia yake, kupimwa kipimo kwa kipimo na kulinganishwa na dawa nyingine. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai ya majani ya mmea huo, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakijulikani. Hata hivyo, bila ya Ge Hong kuandika, na bila ya vizazi vilivyofuata kuhifadhi, Tu hangekuwa na cha kusoma. Mganga wa Kaloleni hana Ge Hong. Elimu yake imo kichwani mwake na katika msitu.

Soko nalo lina mantiki yake. Mwanaanthropolojia Elisabeth Hsu wa Oxford, aliyechunguza kliniki za Kichina nchini Tanzania, aliandika mwaka 2002 kwamba wagonjwa walizipenda kwa kuwa dawa zake zilisifiwa kufanya kazi haraka. Huko Ulaya wanaozifuata huzitaka kwa sifa ya upole na utaratibu. Mgonjwa wetu, ambaye kwao falsafa ya mizani si kitu kigeni, hakwenda kwa Mchina kutafuta falsafa.

Sheria ya Kenya imesimama katikati kwa namna ya kutatanisha. Sheria ya Uchawi ni ya mwaka 1925 na ilitungwa na wakoloni ambao hawakujishughulisha sana kumtofautisha mganga na mchawi. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali ilinde maarifa asilia. Sheria ya kulinda elimu ya jadi ilipitishwa mwaka 2016, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imezitambua tiba za jadi na kuagiza ziwekewe utaratibu wa usajili na viwango, pamoja na njia ya mganga kumwelekeza mgonjwa hospitalini. Njia hiyo ndiyo mtoto wa degedege anayoihitaji, na inapaswa kuwa fupi: mama asikatazwe vuo, bali aambiwe lisubiri mpaka mtoto awe amekwisha kudungwa artesuneti.